Mota inazunguka sekunde 50 tu kwa siku ila betri inaisha siku tatu, umeme unaenda wapi?

kuku_na_waya

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana nimechoka kubeba betri kwenye bodaboda kama nabeba mtoto. Nina banda la kuku kule Mkuranga, nguzo za umeme zimeishia mbali na kwangu, na vicheche wameshanilia kuku kumi na moja, so nikaamua kutengeneza kamlango kanakopanda na kushuka kenyewe. Kukipambazuka kanapanda, giza likiingia kanashuka. Kanafanya kazi vizuri sana hapo sina malalamiko.

Vitu nilivyotumia ni Arduino Uno (bodi ndogo inayoendesha programu), ile draiva nyekundu ya L298N (bodi inayoipa mota umeme na kuigeuza mwelekeo), mota ya 12V yenye giaboksi inayovuta kamba kupitia kapi, moduli ya LDR ya kuona mwanga, swichi mbili za sumaku moja juu moja chini ili ijue imefika, na betri ya 12V 7Ah ile ya UPS. Uno naipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa lile tundu la duara.

Sasa mota nimeipima inakula kama 0.8A, inazunguka sekunde 25 kupandisha na 25 kushusha. Nikipiga hesabu naona betri inatakiwa ikae miezi na miezi. Inakaa SIKU TATU. Siku ya nne asubuhi mlango umegoma, kuku wanapiga kelele ndani, mama watoto ananipigia simu niko kazini mjini. Hii ni betri ya pili, ya kwanza ilikataa kabisa kushika chaji, muuzaji akaniambia nimeiua mwenyewe.

Ninunue kubwa ya 26Ah au nimepigwa na hizi betri?

Jogoo_la_Mjini

Mkuu usijiumize kichwa. Funga sola ya wati 20 na chaji kontrola yake yaishe. Langu liko hivyo mwaka wa pili sasa halijawahi kunisumbua.

BabuAmpea

Jogoo, mwenzio anauliza ndoo inavuja wapi wewe unamwambia afungulie bomba zaidi.

Kuku na waya, umepima mota ikizunguka, je umepima mzigo wote ukiwa umetulia mlango haufanyi chochote? Hapo ndipo betri yako inapokaa saa 23 na dakika 59 za kila siku. Chukua mita, weka kwenye 10A, sio ile ya 200mA, toa waya wa chanya wa betri upitishe ndani ya mita. Halafu uwe na kipande cha waya chenye klipu kinachoruka mita, yaani umeme unapita kwenye waya huo kwanza, unawasha, unaacha mota imalize vituko vyake vya kuwaka, ikishatulia ndio unatoa klipu umeme upite kwenye mita. Usome. Ukimaliza chomoa kitu kimoja kimoja, L298N kwanza, halafu LDR, uandike namba kila hatua. Uje nazo hapa.

kuku_na_waya

Asante babu. Kwanza niseme ukweli, nilianza kabla sijamaliza kusoma, nikaweka 200mA, mlango ukaamua kushuka muda huohuo, fyuzi ya mita kwaheri. Nimenunua nyingine.

Namba hizi hapa. Vyote vimetulia: 0.097A. Nikichomoa L298N: 0.052. Nikichomoa na moduli ya LDR: 0.048. Kwa hiyo Uno peke yake 48mA na draiva 45mA na haifanyi chochote!! Mota imesimama! Inakula ya nini??

BabuAmpea

Sasa tunaongea lugha moja. 97mA mara saa 24 ni kama 2.3Ah kwa siku. Betri yako 7Ah. Gawanya. Siku tatu kamili, betri haijakudanganya na muuzaji naye hajakudanganya maana betri ya asidi ukiikausha hadi chini mara tatu nne ukaiacha hivyo siku mbili inaota salfeti kwenye sahani, basi, hairudi. Na ile 26Ah ungepata siku kumi na moja, halafu ungeiua nayo.

Mota yako je? 0.8A kwa sekunde 50 ni 40 gawanya kwa 3600, unapata kama 0.011Ah. Yaani mota inakula 11mAh kwa siku na vitu vilivyolala vinakula 2300. Mfanyakazi anakula kijiko, walinzi waliolala wanakula sufuria.

Kuhusu L298N. Hiyo IC ni ya zamani, ndani ni transista za kawaida sio mosfeti (zile zinazowashwa kwa volti tu), na transista zinataka kulishwa mkondo muda wote ili ziwe tayari. Angalia datashiti yake (karatasi ya maelezo ya kiwanda) utaona imegawanywa, kuna mkondo wa upande wa mota na mkondo wa upande wa lojiki. Pini ya enebo (ya kuiruhusu draiva ifanye kazi) ikiwa juu na pini za kuingizia zikiwa chini, upande wa mota unakunywa kama 13mA na wa lojiki kama 24mA, jumla 37, mota imesimama tu. Ukishusha enebo ikawa chini inakuwa haizidi 4 na 6. Ongeza regulata ya 78M05 (ya kushusha volti hadi 5) iliyoko kwenye hiyo bodi, nayo inakunywa zake chache, na ile taa ya LED nyekundu inayowaka usiku kucha kuwapendeza kuku. Ndio 45 yako.

Angalia bodi yako pale ENA, najua kuna kajampa cheusi (kale kaplastiki kanakounganisha pini mbili) umekiacha kama kilivyotoka dukani. Kajampa hako kanaishikilia enebo juu milele. Katoe, vuta waya kutoka pini ya Arduino, pandisha wakati wa kuzungusha tu ukimaliza shusha. Bure kabisa haina gharama.

kuku_na_waya

Nimekatoa. Imeshuka kutoka 97 hadi 66mA kweli kabisa babu shikamoo tena.

LAKINI sasa kuna jingine. Mlango ulikuwa umepanda asubuhi, saa sita mchana ukaanza kushuka wenyewe pole pole hadi chini. Kuku wako nje wanataka kuingia kutaga hawawezi. Mayai nimeokota chini ya mchongoma. Kabla ya hapo haukuwahi kushuka.

DadaSakiti

Hiyo ni kawaida kwa L298, enebo ikiwa juu na pini zote mbili za kuingizia zikiwa chini mota inakuwa imepigwa shoti kupitia draiva, hiyo inafanya kazi kama breki. Ukishusha enebo mota inakuwa huru inazunguka inavyotaka, na kamlango kako kana uzito. Kwa hiyo ulikuwa unalipa 37mA ya breki bila kujua. Tutarudi hapo.

Mimi naona mnaanza na draiva wakati hiyo Uno ni tatizo kubwa zaidi. 48mA na sehemu kubwa wala sio ile chip ya ATmega328P inayoendesha programu. Kuna regulata inayoshusha 12V hadi 5V kwa kuigeuza joto, iguse utaona, kuna chip nyingine nzima ya USB inayosubiri kompyuta isiyokuja Mkuranga, kuna taa. Hata ukiandika programu ya kulala vizuri vipi hivyo vingine havilali.

Fanya hivi. Tafuta Pro Mini ya 3.3V 8MHz, Arduino ndogo isiyo na USB. Ng'oa taa yake ya pawa, ng'oa na regulata yake au kata njia yake kwa wembe. Umeme uupe moja kwa moja kwenye pini ya VCC kutoka regulata ya HT7533. Sikiliza vizuri ni HT75 sio HT73! Zinafanana kabisa kwa umbo na dukani watakuambia ni zilezile. HT7333 mwisho wake ni 12V na betri yako ikiwa kwenye chaji inafika 14.4, itakufa na inaweza kuondoka na Pro Mini. HT7533 inabeba hadi 24V, na yenyewe inakunywa mikroampea 2.5 tu. Linganisha na AMS1117 ambayo watu wanaipachika kila mahali inakunywa kama 5mA, hiyo ni mara elfu mbili.

Kisha kwenye programu uilaze kabisa, ile hali ya pawadauni, iamshwe na wachdogi (saa ya ndani ya chip) kila sekunde 8. Kwa 3V ikiwa hivyo na wachdogi inahesabu, datashiti inasema kama mikroampea 4. Laibrari ya LowPower inafanya hayo kwa mstari mmoja. Watu wengi wanasahau kuzima ADC (sehemu ya chip inayopima volti) kabla ya kulala, ukiisahau inabaki inanyonya mikroampea mia mbili na kitu usiku kucha, so hakikisha umeweka ADC_OFF au uandike ADCSRA = 0 mwenyewe. Kuku hawana haraka, ikiamka mara 38 ndio upime mwanga, hiyo ni kama dakika tano. Na usiamini kipimo kimoja, subiri vitatu mfululizo isije ikakudanganya tochi au radi.

Moduli ya LDR tupa. Chukua LDR tupu na rezista moja, uipe umeme kutoka pini ya Arduino, pandisha pini, pima, shusha.

kasuku_wa_kidijitali

Badili hiyo L298N weka DRV8833 mkuu. Nilitumia kwenye roboti yangu ya chuo, ina pini ya kulala ukiishusha inakunywa mikroampea mbili hivi. Ndogo kama kucha.

DadaSakiti

Kasuku roboti yako ilikuwa na betri ngapi? DRV8833 mwisho wake ni 10.8V. Yeye ana 12V ya asidi, itatoa moshi siku ya kwanza. Hata draiva ya TB6612 ambayo naipenda sana mwisho kabisa ni 15V na betri kwenye chaji inakuwa 14.4 na zaidi, sitaki kuwa karibu na ukingo hivyo na kamba ndefu za waya na mota inayorudisha miiba ya volti.

Kama ni draiva ya kisasa kwa 12V ningechukua DRV8871, inaanza 6.5 hadi 45V, haina hata pini ya kulala, ukiweka pini zote mbili chini kwa milisekunde moja inalala yenyewe na haizidi mikroampea 10. Halafu ina rezista moja ya kuweka kikomo cha mkondo, chukua 64 gawanya kwa kilooumu za hiyo rezista, ukiweka 30k inakata kwenye ampea 2 na kidogo. Kuku akibanwa kwenye mlango mota haiendelei kumkamua.

kuku_na_waya

Dada nimezunguka Kariakoo mchana mzima hiyo 8871 hakuna anayeijua, labda niagize nje na sitaki kusubiri. Pro Mini nimepata, HT7533 nimepata (nilipewa 7333 kwanza nikaisoma maandishi nikarudisha 😂).

Swali. Nina mosfeti za IRFZ44N kama sita hapa. Siwezi kuweka moja kwenye hasi ya L298N niikate kabisa ikiwa haina kazi? Hapo si inakuwa sifuri?

BabuAmpea

Wengi wanaingia kwenye shimo hilo na mimi niliingia.

Ukikata hasi, ile bodi haifi. Chanya bado iko kwenye bodi, na waya za kuamrisha kutoka Arduino bado zimeunganishwa, basi ile hasi ya bodi inaelea inapanda juu, na mkondo unatafuta njia ya kurudi nyumbani kupitia pini za kuingizia na kuingia kwenye Arduino yako kwa mlango wa uani. Unapima unakuta bado kuna milliamp kadhaa huelewi zinatoka wapi, taa ya bodi inawaka kwa mbali kama jini. Na siku mbaya inaunguza pini.

Ukitaka kukata, kata chanya. Hapo unataka mosfeti ya P, kama IRF9540 au IRF4905, ina miguu mitatu, sosi, dreni na geti inayowasha, sosi iende kwenye betri, dreni iende kwenye bodi, rezista ya 100k kutoka geti kwenda sosi ili ikae imezimwa yenyewe, halafu transista ndogo ya NPN inavuta geti chini ukitaka kuwasha. Ukiigeuza sosi na dreni daiodi yake ya ndani itapitisha umeme muda wote na utakuja hapa kulalamika kuwa haizimi. Na hata hapo, kabla hujakata weka pini zote za kuamrisha chini kwanza, pini ikibaki juu bodi iliyokatwa inalishwa kupitia hiyo pini. Kingine, bodi ina kapasita kubwa, ukiwasha ghafla inavuta kwa nguvu na Arduino inaweza kujireseti (kuanza upya), weka 10k kabla ya geti na 100nF kati ya geti na sosi iwashe taratibu.

Inafanya kazi. Ila breki hutakuwa nayo, mlango utashuka tena.

Msee_wa_Luthuli

Niaje watu wa TZ. Nimesoma hii thread yote na nacheka kidogo, msiniskize vibaya. Mlango wa kuku. Unafunguka mara moja, unafungika mara moja. Haibadilishi spidi, haina PWM (kukatakata umeme ili kupunguza spidi), haina chochote. Mbona mnatafuta draiva? Tumia rilei mbili boss, zile swichi zinazovutwa na sumaku ya koili.

Sio zile moduli za buluu zenye optokapla na taa, chukua rilei tupu ya koili ya 12V yenye miguu mitano. Mguu wa kati wa rilei ya kwanza uende waya moja ya mota, wa rilei ya pili uende waya ile nyingine. Ile kontakti ambayo imefungwa rilei ikiwa haina stima, zote mbili zipeleke kwa hasi. Ile ingine zote mbili kwa chanya. Ukiwasha rilei ya kwanza mota inaenda huku, ukiwasha ya pili inaenda kule. Hata ukikosea uwashe zote pamoja waya zote mbili za mota zinaenda chanya, hakuna shoti.

Sasa uzuri uko hapa. Rilei zote zikiwa zimezimwa waya mbili za mota ziko kwa hasi pamoja, yaani mota imepigwa shoti, hiyo ndio breki yako yenye ulikuwa unalipia 37mA. Saa hii ni ya bure kwa sababu ni chuma imelalia chuma. Haikuli kitu. Sifuri kabisa.

Koili za hizo rilei ndogo ni kama oumu 400, so 30mA, na ni kwa zile sekunde 25 tu.

Lakini nikuambie ukweli, breki ya shoti haishikilii kama msumari, inafanya mlango ushuke polepole sana. Kama giaboksi yako si ya wom (gia ya skrubu isiyorudi nyuma), funga jiwe upande ule mwingine wa kamba lisawazishe uzito. Mota itashukuru pia.

DadaSakiti

Nakubali nimeshindwa. Nilikuwa nafikiria silikoni tu.

Naongeza machache kwa kuku na waya. Pini ya 3.3V haiwezi kuendesha koili, weka transista ya BC337 au 2N2222 kwa kila rilei, 1k kwenye beisi, emita kwa hasi, na daiodi ya 1N4007 kinyumenyume juu ya koili. Usisahau 10k kutoka beisi kwenda hasi ili Arduino ikiwa inaamka au inajireseti rilei zisichezecheze. Kubadili mwelekeo subiri nusu sekunde kwanza, mota ikiwa bado inazunguka ukarusha kontakti cheche inaweza kuunganisha chanya na hasi ndani ya rilei, ndio maana pia unaweka fyuzi ya 3A pale kwenye betri. Na kwa kuwa huna tena kikomo cha mkondo weka muda kwenye programu, sekunde 35 zikipita swichi haijaguswa zima kila kitu.

Kama unapima volti ya betri kwa rezista mbili, umeweka ngapi?

kuku_na_waya

10k na 3.3k dada.

DadaSakiti

Hiyo ni karibu 1mA masaa yote. Ingekuwa ndiyo mlaji mkuu wa saketi yako mpya. Weka 1M na 220k, inakuwa mikroampea 10, na kapasita ya 100nF pale kwenye pini ya ADC maana rezista zikiwa kubwa hivyo ADC inasoma upuuzi bila hiyo.

kuku_na_waya

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili zimepita samahani nilikuwa na msiba.

Nimejenga yote. Pro Mini, HT7533, rilei mbili, jiwe (nimefunga kopo la rangi lenye mchanga, unaongeza unapunguza). Mlango haushuki hata kidogo. Rilei inalia tak asubuhi kuku wote wanageuka.

Kupima nimetumia njia nyingine maana mita yangu kwenye mikroampea ilikuwa inafanya Arduino ijireseti kila ikiamka. Nimeweka rezista ya oumu 100 kwenye njia ya betri na waya wa klipu wa kuiruka kama alivyosema babu, napima milivolti juu ya rezista. Milivolti 1 ni mikroampea 10.

Nilitegemea kama 20 hivi, regulata 2.5, wachdogi 4, zile rezista za 1M 10. Napata milivolti 13.5. Yaani mikroampea 135. Ni ndogo najua, kutoka 97,000 siwezi kulalamika, ila inaniwasha. Nimechomoa LDR, bado. Nimechomoa transista za rilei, bado. Mlango uwe juu uwe chini ni ileile. Ila nikiushika katikati kwa mkono inashuka hadi 2!!

BabuAmpea

Umeshajijibu mwenyewe ila hujajisikia. Katikati swichi zote mbili za sumaku ziko wazi. Juu moja imefunga, chini nyingine imefunga, sindio? Umetumia INPUT_PULLUP bila shaka. Ndani ya ATmega kuna rezista ya kati ya 20k na 50k inayovuta pini juu, swichi ikifunga inaipeleka chini, basi 3.3V inapita kwenye kama 30k hivi, hiyo ni mikroampea 110, na mlango wako siku zote uko juu au uko chini, hauko katikati. 110 na 20 na ushee, hesabu imefika.

Kabla ya kulala andika LOW kwenye hizo pini kwanza halafu ndio uzigeuze OUTPUT. Usiugeuze mpangilio huo, ukianza na OUTPUT pini itakuwa juu kwa kitambo ikiwa imefungwa kwenye hasi na swichi. Ukiamka na unataka kuzungusha mota ndio unarudisha INPUT_PULLUP.

kuku_na_waya

Milivolti 2.1.

Mikroampea 21 wakuu. Nimepiga picha mita nimemtumia mke wangu kaniuliza hii ni nini.

BabuAmpea

Safi. Sasa tupige hesabu upya. Saketi ikilala, mikroampea 21 kwa saa 24 ni nusu mAh. Mota 11, ikiwa kopo lako la mchanga limeisaidia basi pungufu ya hapo. Koili za rilei haifiki nusu. Jumla kama 12mAh kwa siku. Kwa mara ya kwanza mota yako ndiye mlaji mkuu, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ila usije ukaniambia betri itakaa mwaka na nusu. Betri ya asidi inajila yenyewe hata ikiwa kabatini, chukulia kama asilimia 3 kwa mwezi, kwa 7Ah hiyo ni karibu 7mAh kwa siku, zaidi ya nusu ya kile mlango unachotumia, na kwa joto la Mkuranga inazidi. Na hutaki kuitumia zaidi ya nusu. Hapo una kama miezi sita kwa karatasi. Wewe ichaji kila mwezi wa pili, hiyo ya pili uliyoikausha mara kadhaa sijui imebakiza nini, ipime kwanza ikiwa imepumzika usiku kucha baada ya chaji, ikiwa chini ya 12.5 ujue inaelekea kwa mwenzake.

kuku_na_waya

12.4 babu 😔 nitabadilisha mwisho wa mwezi. Ila hata hivyo imeshafika siku ya tisa, haijatikisika.

Msee_wa_Luthuli

Kuku wanasemaje?

kuku_na_waya

Wanataga ndani sasa. Kicheche nimeona nyayo zake pale mlangoni jana.

Jogoo_la_Mjini

Nimeenda kupima langu la sola. 88mA mlango umesimama. Kajampa cheusi kapo palepale. Kumbe mvua zikikaza ndio maana huwa naona linasuasua asubuhi.

Hizo rilei za miguu mitano Kariakoo mnazipata mtaa gani?